Moyo na mapafu ya mtoto aliyepona saratani: maswali kutoka Kigoma na Tabora

Mwezi huu tumeweka pamoja barua sita zinazozungukia jambo moja: mtoto alitibiwa saratani, akapona, akakua, na sasa mtu anauliza kama ile tiba iliacha kitu nyuma. Barua tumezifupisha. Majina hatukuyaweka.

Shikamooni madaktari. Mwanangu wa kiume ana miaka 13. Akiwa na miaka 4 alipata uvimbe kwenye figo ya kushoto. Tukapelekwa Mwanza, figo ikatolewa, akawekewa dripu nyingi ikiwemo ile nyekundu, akapigwa na mionzi kifuani kwa sababu ugonjwa ulishafika kwenye mapafu. Sasa ni mzima kabisa, anacheza mpira, darasani yuko vizuri. Juzi aliumwa malaria, muuguzi akaniuliza kama amewahi kupimwa eko. Sijawahi kuisikia. Mtoto aliyepona anapimwa nini tena? (Mama, Kasulu)

Marahaba mama. Huyo muuguzi mshukuru ukimwona tena, maana swali lake wengi hawaliulizi.

Dripu nyekundu ni doksorubisini. Ipo na ndugu yake, daunorubisini, inayotumika zaidi kwenye saratani ya damu. Ni dawa zenye nguvu, na watoto wengi walio hai leo wako hai kwa sababu yake. Shida ni kwamba haibagui vizuri. Inapokata vinasaba vya seli ya saratani ili isizaliane, inaingia pia kwenye seli za msuli wa moyo na kuharibu vile viwanda vidogo vinavyozipa nguvu. Ngozi na utumbo hupata seli mpya kila siku, ndiyo maana nywele zilirudi na vidonda vya mdomoni vikapona. Moyo hauna bahati hiyo. Kwa kijana mzima, seli za msuli wa moyo zinazozaliwa upya ni kama asilimia 1 tu kwa mwaka. Zilizokufa akiwa na miaka 4 kwa sehemu kubwa hazikurudi, na zilizobaki zinabeba kazi ya wenzao.

Mtoto mdogo hilo halionekani, kwa kuwa mwili ni mdogo na damu ya kusukuma ni kidogo. Akianza kubalehe anarefuka, uzito unapanda, lakini idadi ya seli za moyo ni ileile. Ukuta wa moyo unabaki mwembamba, chumba chake kinatanuka taratibu. Hali hii inaweza kuchukua miaka 10, 20, hata 30 bila dalili yoyote. Siku kijana anapoanza kuvimba miguu na kuhema, moyo umeshapoteza mengi. Kwa hiyo mama, kumwona anacheza mpira ni jambo jema, ila mpira si kipimo cha moyo.

Hatari inategemea alipata kiasi gani, na hapa ndipo familia nyingi zinakwama. Dozi huhesabiwa kwa ukubwa wa mwili, yaani miligramu kwa kila mita ya mraba. Chukua mtoto wa sentimita 110 na kilo 18. Zidisha 110 kwa 18 upate 1,980, gawanya kwa 3,600 upate 0.55, kisha tafuta kipeuo cha pili: 0.74. Huyo ana mita za mraba 0.74. Akiandikiwa miligramu 50 kwa mita ya mraba, kinachoingia kwenye dripu ni miligramu 37. Akipata mara 6, faili litaonyesha jumla ya miligramu 222, na mzazi ataona 222 si nyingi. Lakini namba ya kutazama ni 50 mara 6, yaani 300 kwa mita ya mraba. Hizo namba mbili zisichanganywe.

Kwa kipimo hicho, kuanzia 250 na kuendelea ni hatari kubwa. Kati ya 100 na 249 ni ya kati. Chini ya 100 ni ndogo. Mionzi ya kifuani ina hesabu yake kwa Grei, kizio cha kupimia mionzi: 30 na zaidi ni hatari kubwa hata bila dawa nyekundu; kati ya 15 na 29 ni ya kati, ila ikikutana na dawa nyekundu ya 100 au zaidi, inahesabiwa kubwa. Mionzi ya mapafu yote kwa uvimbe wa figo huwa ni kama Grei 12 hadi 15, kwa hiyo mwanao yuko karibu na mstari huo. Kutibiwa chini ya miaka 5 kunaongeza hatari, na kuwa msichana kunaongeza pia.

Mwenye hatari kubwa apimwe eko, yaani picha ya moyo kwa ultrasaundi, kila baada ya miaka 2, maisha yake yote. Mwenye hatari ya kati, kila miaka 5. Kipimo cha kwanza kilitakiwa kifanyike ndani ya miaka 2 baada ya kumaliza tiba, hivyo kwa mwanao panga cha sasa mwaka huuhuu. Hakiumi. Analala ubavu wa kushoto, anapakwa jeli ya baridi kifuani, mtaalamu anapitisha kifaa kama kile cha ultrasaundi ya wajawazito. Nusu saa inatosha. Hospitali ya Bugando, Mwanza, kinafanyika, na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, pia. Kabla ya kusafiri kutoka Kasulu, muulizie daktari wa Maweni, hospitali ya mkoa wa Kigoma, kama mashine na mtaalamu wa kuitumia wote wapo siku hiyo. Mashine bila mtaalamu ni nauli iliyopotea.

Ukipewa majibu usikubali neno "kawaida" peke yake. Omba asilimia iandikwe: katika damu iliyojaa chumba cha kushoto, pigo moja linatoa asilimia ngapi? Moyo mzima huwa kati ya 55 na 70. Mwaka huu ikiwa 66 na baada ya miaka miwili ikawa 55, vyeti vyote viwili vitasema "kawaida", kumbe imeshuka pointi 11. Mshuko huo unahitaji daktari wa moyo. Hata hivyo usishtuke kwa namba moja, maana wataalamu wawili wanaweza kutofautiana pointi kadhaa kwa moyo uleule. Kipimo kirudiwe baada ya muda mfupi, mashine ileile na mtu yuleyule ikiwezekana. Ikithibitika imeshuka, dawa kama enalaprili na karvedilo huanzishwa mapema, kabla dalili hazijatokea, na moyo unapumzishwa.

Sasa makaratasi. Andika barua au nenda hospitali aliyotibiwa ukiwa na namba ya faili, uombe muhtasari wa matibabu. Uwe na jina la ugonjwa, tarehe ya kuanza na kumaliza, jumla ya kila dawa kwa mita ya mraba, mionzi ilipigwa wapi na Grei ngapi, na upasuaji uliofanyika. Ukiupata, upige picha, picha hiyo ikae kwenye simu za watu wawili. Nakala ya karatasi ifungwe kwenye nailoni na kuwekwa kwenye sanduku. Usiichomeke darini, mchwa wa Kasulu unawajua mwenyewe.

Faili likikosekana, kumbukumbu yako ni ushahidi. Doksorubisini na daunorubisini hugeuza mkojo kuwa mwekundu au wa rangi ya chungwa kwa siku moja au mbili, mfano wa juisi ya rozela. Mzazi aliyeona mkojo huo siku ya dripu ana hakika mtoto alipata dawa ya kundi hilo. Angalizo moja: dawa ya kifua kikuu, rifampisini, nayo hufanya mkojo hivyohivyo, ila hiyo ni kidonge cha kila siku. Hesabu ulikwenda mara ngapi kwa ajili ya dripu nyekundu, mpe daktari idadi hiyo.

Na kwa kuwa ana figo moja, presha yake ipimwe angalau mara moja kwa mwaka. Mkanda uendane na mkono wake. Mkubwa mno unaficha presha, mdogo mno unaipandisha bure. Kuanzia miaka 13, 130 kwa 80 na kuendelea ni presha ya kushughulikiwa. Diklofenaki za kununua dukani kila akiumia mpirani aachane nazo, zinaumiza figo na zinabakiza maji mwilini. Parasetamo inatosha.

Mpira acheze. Msimfanye yai. Asichoruhusiwa ni kunyanyua vitu vizito huku amebana pumzi, mambo ya magunia na vyuma, mpaka eko itakapotoka.

Mtoto wetu alivimba taya akiwa na miaka 6, akatibiwa kwa dripu miezi michache, akapona. Sasa ana miaka 11. Je, na yeye tumpeleke kwenye vipimo vya moyo? Nauli kutoka huku ni kubwa. (Baba, Kibondo)

Huenda msihitaji. Uvimbe wa taya wa watoto, ule uitwao Burkitt, katika maeneo yetu mara nyingi hutibiwa kwa saiklofosfamidi, vinkristini, methotreksati na predinisoloni. Hakuna dawa nyekundu humo. Saiklofosfamidi huumiza moyo kwa dozi kubwa mno, zile za wanaobadilishiwa uboho, na mwanao hakufika huko. Lakini ipo mipango mingine ya tiba yenye doksorubisini ndani yake, kwa hiyo thibitisheni kwa muhtasari, au mkumbuke mkojo. Kama hakupata dawa nyekundu wala mionzi ya kifua, baba, nauli ya eko itumieni kwa jambo lingine. Meno yake yaangaliwe, na akikojoa damu aonwe, maana saiklofosfamidi adui yake ni kibofu.

Shikamoo daktari. Nina miaka 24, nakaa Tabora mjini. Niliumwa saratani ya mfupa juu ya goti nikiwa na miaka 14, nikawekewa dripu kabla na baada ya kukatwa mguu. Nina mimba ya kwanza, miezi saba. Wiki mbili hizi nalalia mito mitatu, nikilala chali nakosa pumzi, usiku naamka nakohoa. Kliniki waliniambia mimba ikikua hata pumzi hubanwa, nivumilie. (Mama mtarajiwa, Tabora)

Marahaba mdogo wetu. Usivumilie, wala usisubiri tarehe ya kliniki. Barua yako tumeijibu kwa simu siku tuliyoipokea. Tunaichapa kwa ajili ya wengine walio kama wewe.

Ni kweli mimba hubana pumzi. Ila pumzi ya mimba ya kawaida huja unapotembea au kupanda ngazi, ukikaa inatulia, na haikuamshi usiku. Kukosa hewa ukilala chali, kuamka kwa kikohozi, na mito kuongezeka kutoka mmoja hadi mitatu, hizo ni dalili za maji kujaa kwenye mapafu kwa sababu moyo hausukumi vya kutosha. Kwenye saratani ya mfupa doksorubisini hutolewa kwa wingi, mipango mingi hufika 450 kwa mita ya mraba. Huo ni mzigo mkubwa kabla mimba haijaja. Na mimba huongeza damu mwilini kwa karibu nusu, kilele kikiwa kati ya wiki ya 28 na 34, yaani wiki ulizo nazo.

Mwenye hali hii aende Kitete, au hospitali yoyote yenye daktari, aingie kwa maneno haya: "Nilipata doksorubisini kwa saratani ya mfupa, nina mimba ya miezi saba, nakosa pumzi nikilala." Asianze na "najisikia vibaya", foleni itamzika. Wamwekee kile kibanio cha kidoleni kupima oksijeni, wapime presha, wingi wa damu, malaria, na protini kwenye mkojo. Kifafa cha mimba nacho huleta maji kwenye mapafu, na upungufu wa damu unaukimbiza moyo ambao tayari umechoka. Kisha ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, na eko.

Matibabu yapo, ila si yote yanafaa kwa mjamzito. Lasix ya kutoa maji hutumika. Enalaprili, losatani na spironolaktoni hazitumiki, zinamdhuru mtoto tumboni. Kama nyumbani kuna mtu wa presha, usimeze vidonge vyake. Vya kuongeza damu endelea navyo. Dripu za maji za haraka, ambazo mjamzito akilegea tu huwekewa chupa mbili, kwako ni hatari. Sema hivyo kabla sindano haijaingia.

Kujifungua kupangwe mahali penye daktari wa wajawazito, daktari wa moyo au wa magonjwa ya ndani, na mtu wa usingizi. Si lazima upasuaji. Wengi hujifungua kwa njia ya kawaida wakipewa dawa ya maumivu na kusaidiwa kusukuma ili wasibane pumzi muda mrefu. Sindano ya eigometrini ya kukaza mji wa mimba iepukwe, oksitosini itumike polepole. Baada ya kujifungua usiwahi kutoka wodini. Saa 48 hadi 72 za kwanza maji yaliyokuwa mwilini hurudi kwenye mishipa, na kuna akina mama waliopita salama kwenye uchungu wakazidiwa siku ya pili. Moyo unaweza kulegea hata mwezi wa tano baada ya kujifungua. Kunyonyesha unaweza, na enalaprili ya wakati huo inaruhusiwa.

Mimba nyingine isije kabla ya eko. Kitanzi au vijiti vya mkononi vinafaa. Vidonge vyenye estrojeni kwa moyo dhaifu tunavikataa, kwa kuwa huongeza damu kuganda.

Wauguzi wa kliniki wanaosoma ukurasa huu, tunawaomba jambo moja. Kwenye maswali ya hudhurio la kwanza ongezeni hili: "Uliwahi kutibiwa saratani ukiwa mtoto?" Binti mwenye mguu uliokatwa ameingia na fimbo mbili, tujiulize mguu ulikatwa kwa nini.

Salaam. Mpwa wangu alitibiwa saratani ya tezi, ile ya Hodgkin, akiwa na miaka 15. Dripu mchanganyiko wa dawa nne, miezi sita. Sasa ana miaka 19 na tunalima naye tumbaku. Ana kikohozi kikavu cha miezi miwili. Zahanati wamempa amoksilini mara mbili, hakuna nafuu. Je, ni zile dawa? (Mjomba, Urambo)

Inawezekana, mjomba, lakini zisiwe za kwanza kulaumiwa. Kikohozi kinachopita wiki mbili kwa Tanzania kwanza ni makohozi ya kifua kikuu. Apimwe, apigwe na picha ya kifua ili tujue pia kama tezi hazijarudi katikati ya mapafu. Amoksilini ya tatu asipewe.

Ule mchanganyiko wa dawa nne mara nyingi ni doksorubisini, bleomisini, vinblastini na dakabazini, hupewa mara mbili kwa mwezi. Miezi sita ya doksorubisini kwa mpango huo ni 300 kwa mita ya mraba, kwa hiyo kila kilichoandikwa kwa mama wa Kasulu kinamhusu. Bleomisini yeye amepata kama yuniti 120 kwa mita ya mraba. Dawa hii huvunjwavunjwa na kimeng'enya ambacho karibu kila kiungo kinacho, isipokuwa ngozi na mapafu, ambako ni kidogo sana. Ndiyo sababu hukaa huko na kuacha makovu. Mvulishe shati umtazame mgongoni na mabegani. Baadhi ya waliopata bleomisini hubaki na michirizi myeusi iliyopishana, kama aliyechapwa fimbo. Akiwa nayo, muonyeshe daktari, ni cheti kilichoandikwa kwenye ngozi.

Mapafu yenye makovu hayatanuki vizuri. Kipimo chake ni spirometria: unavuta hewa mpaka mwisho, unapuliza kwa nguvu kwenye mrija kwa sekunde zisizopungua 6, mara tatu. Wengi hukosea kwa kuacha midomo wazi au kukatisha njiani, matokeo yakaonyesha ugonjwa usiokuwepo. Hewa yote ikiwa chini ya asilimia 80 ya inayotarajiwa kwa umri na urefu wake, kuna tatizo. Na mwulize kikohozi kinazidi lini. Kikizidi akilala, fikirieni moyo na eko iwahi. Kikizidi akiwa banini, kwenye jengo la kukaushia tumbaku, moshi una sehemu yake.

Hapo kwenye bani tuseme wazi. Kukausha tumbaku kwa moto ni siku 5 hadi 7, kuni zinachochewa usiku na mchana, na anayechochea ndiye anayevuta moshi. Kijana huyu asiwe mchocheaji. Mkimkosa mwingine, mabomba ya kupitishia moto yazibwe nyufa kabla ya msimu, naye akae upande upepo unakotoka. Kitambaa puani hakizuii moshi, kinazuia vumbi tu. Asilale kwenye ghala la kugredi. Kuchuma majani yenye umande nako kuna shida: nikotini hupenya ngozi iliyolowa, mtu anatapika, mapigo yanakwenda mbio. Kwa moyo uliopata 300 hilo ni adhabu. Achume jua likishatoka na majani yakakauka, avae mikono mirefu na glavu, anawe kwa sabuni. Sigara hapana, hata moja, na ugoro hapana.

Tunajua Urambo tumbaku ndiyo ada ya shule na bati la nyumba. Mpeni kazi ya kitalu, ya kupanda, ya palizi. Wapo wenye mapafu mazima wa kukaa na moto.

Nimepona saratani ya tezi, nilipata hiyo bleomisini mnayoisema kila mara. Nina ngiri, nitapasuliwa Maweni. Kuna haja ya kuwaambia? Pia huzama kunasua nyavu, na kuna watu wanataka nikazamie kwa mitungi. (Mvuvi, Kibirizi)

Waambie, kaka, na mwenye kuambiwa zaidi ni mtu wa usingizi. Mapafu yaliyopata bleomisini yanaweza kuungua kwa oksijeni nyingi, hata miaka baadaye. Ngiri hufanyika vizuri kwa ganzi ya mgongoni, unabaki unapumua hewa ya kawaida. Hii haina maana ukatae oksijeni ukizidiwa. Mtu aliyeishiwa hewa hupewa, ila kwa kiasi kinachomtosha huku kibanio cha kidoleni kikitazamwa.

Mitungi usikubali bila ruhusa ya daktari wa mapafu. Chini ya maji mkandamizo huongeza nguvu ya oksijeni ileile, na makovu yanaweza kunasa hewa ikapasua pafu ukipanda juu. Kunasua nyavu kwa kubana pumzi, subiri spirometria na eko. Zikiwa nzuri, mita chache si mbaya. Zikiwa na kasoro, mwenzio azame.

Binti yetu alipona saratani ya damu. Tumeambiwa tulinde moyo wake. Huku kwetu chumvi si tatizo kupatikana, na mboga bila mawese haiendi. Jirani ametuletea mizizi ya kusafisha moyo. Tufuate lipi? (Wazazi, Uvinza)

Saratani ya damu mara nyingi hutibiwa kwa daunorubisini kidogo, hivyo huenda binti yuko kwenye kundi la hatari ndogo. Thibitisheni namba.

Chumvi ndiyo jambo kubwa hapo kwenu. Kwa mtu mzima kwa siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, gramu 5, ikihesabiwa ile ya ugalini, ya mboga, na iliyomo kwenye samaki wa chumvi. Mtoto apungue hapo. Migebuka iliyokaushwa kwa chumvi iloweke maji usiku, umwage, ndipo upike. Dagaa waliokaushwa juani bila chumvi ni chakula bora kuliko nyama nyingi za mjini. Chumvi ya mezani ondoeni, anayeongeza huongeza kwa mazoea.

Mawese si sumu, ila mafuta yake mengi ni ya aina inayoganda na kupandisha lehemu. Vijiko viwili kwenye sufuria ya watu watano badala ya kikombe, na yasipashwe hadi rangi nyekundu iishe.

Mizizi hatuishauri. Hakuna mzizi unaosafisha moyo uliopoteza seli, na ipo inayopandisha presha au kuumiza ini. Mrudishieni jirani kwa shukrani.

Binti apate chanjo zake. Kemo, yaani zile dawa za saratani, hupunguza au kufuta kinga ya chanjo za utotoni, na kwa kawaida hurudiwa kuanzia miezi sita baada ya kumaliza tiba. Ulizeni kuhusu ya nimonia na ya surua. Presha apimwe kila mwaka akiwa amekaa dakika tano bila kuongea, mgongo umeegemea, miguu haijapishanishwa, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Andikeni namba kwenye daftari moja, pamoja na tarehe.